Je, wajua kwa nini wazazi wazima huzaa mtoto mwenye selimundu?

Baba mzima, mama mzima, mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ndugu huanza kuulizana ugonjwa umetoka upande gani, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Ni dhuluma, na mchoro wa ukoo unatosha kuionyesha.

Mwanamume huchorwa mraba, mwanamke duara, na mgonjwa hutiwa rangi. Mstari wa mlalo huunganisha waliozaa pamoja. Mstari wa wima hushuka kwa watoto wao, mkubwa akiwa kushoto. Mabinamu waliooana huwekewa mistari miwili. Mwenye wake wawili, kila mke apate mstari wake, la sivyo watoto watachanganyika na hesabu yote itaharibika. Marehemu hukatwa kwa mstari wa mshazari, lakini asiachwe nje: mtoto anayesemwa alifariki mdogo kwa "kuishiwa damu" huenda ndiye ushahidi mkubwa kuliko wote.

Sasa usikisie ugonjwa unarithiwa vipi. Futa kwanza yasiyowezekana.

Wazazi wote wazima na mtoto mgonjwa? Jeni tawala, yaani ile ambayo nakala moja tu hutosha kuleta ugonjwa, haielekei, kwa sababu ingejitokeza kwa mzazi mmojawapo, labda liwe badiliko jipya kabisa. Kisha tafuta binti mgonjwa mwenye baba mzima. Binti hupewa X, kromosomu (kifurushi cha jeni) ya jinsia, na baba, na baba anayo moja tu. Ingekuwa na kasoro, yeye mwenyewe angeugua. Kwa hiyo jeni inayojificha (isiyoleta ugonjwa ikiwapo nakala nyingine nzima) kwenye X nayo inaondoka. Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, ndiyo hukaa huko: ilimpata Leopold, mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza, na kupitia mabinti wa malkia huyo, Alice na Beatrice, ikafika kwa vitukuu wake wa kiume huko Urusi na Hispania.

Kinachobaki ni jeni inayojificha iliyo nje ya kromosomu za jinsia. Ya selimundu iko kwenye kromosomu 11, na mtoto huugua akipata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wote wawili basi ni AS: nakala moja nzima (A) na moja ya selimundu (S). Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS, 2 kati ya 4 ya AS, na 1 kati ya 4 ya AA. Hesabu huanza upya kila mimba; mtoto mmoja kuugua hakuwakingi watatu wanaofuata.

Wengi hukosea kwa ndugu mzima wa mgonjwa, wakisema ana nusu ya uwezekano wa kuwa AS. Tayari tunajua si SS, kwa hiyo zimebaki nafasi tatu, na mbili kati yake ni AS: theluthi mbili.

Mtego mwingine ni mgonjwa wa SS kuoana na AS. Kila mtoto wao ana uwezekano wa nusu wa kuugua, ugonjwa unaonekana vizazi viwili mfululizo, na mchoro unafanana na wa jeni tawala. Hapo mpime huyo mwenza anayeonekana mzima. Aombe kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, maana kile cha haraka cha kuyeyusha damu hakitofautishi AS na SS.