Mtoto anazinduka kutoka nusu kaputi hakujui hata wewe mama yake: maswali ya wazazi kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji

Haya maswali wazazi wanayauliza pale nje ya thieta, mama kakaa kwenye benchi kashika kandambili za mtoto mkononi, na mara nyingi wanauliza jambo likiwa limeshatokea. Ningependa uyajue mapema, ikiwezekana wiki nzima kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kuna vitu unaweza kuvifanya ukiwa bado nyumbani na ukishafika mlango wa thieta umechelewa.

Si atalazwa na dawa kesho? Sasa kuna haja gani ya kuhangaika na usingizi wa leo?

Nusu kaputi sio usingizi ule wa kitandani, tunaita usingizi kwa sababu ndio njia rahisi ya kumwelewesha mtu. Mtoto aliyelala kitandani ukimfinya anaamka, wa nusu kaputi hata akikatwa na kisu haamki, na mwenye kazi ya kuangalia pumzi yake na mapigo yake dakika kwa dakika ni mtu wa usingizi aliyekaa pale kichwani kwake. Kwa hiyo usitegemee kwamba usiku aliokosa atakuja kuulipia mezani. Kuna wazazi wanamkesha mtoto makusudi, wanamwachia katuni mpaka saa 7 usiku ili eti achoke na dawa imkamate vizuri, jamani hapana, mtoto aliyechoka anafika pale analia kwa kila kitu, akiguswa analia, akivuliwa shati analia, na mtoto anayeingia kwenye dawa analia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka kwenye dawa analia. Zipo tafiti zilizoangalia watoto waliolala vibaya kabla ya upasuaji zikakuta hao ndio wanaoamka wamechanganyikiwa zaidi. Sisemi usingizi peke yake ndio sababu, sababu ziko nyingi tutazifikia, ila hii ni mojawapo ambayo mzazi unaweza kuishika kwa mikono yako mwenyewe.

Alale masaa mangapi?

Wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walitoa mapendekezo ambayo yanatumika sehemu nyingi: mwaka 1 hadi 2 ni masaa 11 mpaka 14 kwa siku, miaka 3 hadi 5 masaa 10 mpaka 13, hapo usingizi wa mchana umo ndani, na miaka 6 hadi 12 masaa 9 mpaka 12. Wengi wetu watoto hawafiki huko, tuseme ukweli, mtoto wa miaka 4 analala saa 5 usiku kwa sababu tivii iko sebuleni na yeye analala sebuleni. Anza siku kadhaa kabla, mrudishe kidogo kidogo, zima simu na tivii mapema, aoge, ale, alale.

Kama mmelazwa wodini siku moja kabla, hapo ndio kazi maana taa zinawaka, mtoto wa kitanda cha pili analia, dripu ya jirani imeisha nesi anakuja, mbu. Beba khanga au shuka lake lile lenye harufu ya nyumbani, beba mdoli wake au hata kikombe chake kama ndicho anachokipenda, lala naye mkiruhusiwa, na muulize nesi kwa upole kama dawa na vipimo vya usiku vinaweza kufanywa kwa mpigo mmoja asiamshwe mara 3. Manesi wengi watakusikiliza ukiuliza vizuri.

Nikimpa Piriton usiku ili alale je?

Usimpe. Najua ipo karibu kila nyumba na najua mafua yakimbana mtoto unampa na analala. Lakini dawa ile inaweza kubaki mwilini mpaka asubuhi ikakutana na dawa za nusu kaputi, na kuna watoto badala ya kuwalaza inawachangamsha, wanaruka ruka na kununa usiku kucha. Kama umeshampa tayari basi sema tu, hakuna atakayekugombeza, mtu wa usingizi anachotaka ni kujua. Hospitali ikiona mtoto ana hofu sana ina dawa yake ya kumtuliza, midazolamu ya kunywa kwa mfano, inapimwa kwa kilo zake na mtoto anaangaliwa.

Na ukiona ana mafua, kikohozi au homa, usifiche ukiogopa tarehe itasogezwa. Njia ya hewa yenye mafua inasumbua sana chini ya nusu kaputi.

Tumeambiwa asile kuanzia saa 6 usiku lakini zamu yake imekuja saa 7 mchana, mtoto amelia njaa mpaka amechoka.

Hili linaniuma kuliko yote. Kufunga kuna sababu, tumbo likiwa na chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, kwa hiyo usimpe hata kipande cha biskuti kwa huruma. Lakini utaratibu unaotumika sehemu nyingi duniani sio njaa ya masaa 13. Chakula kigumu, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo ni masaa 6 kabla ya nusu kaputi, maziwa ya mama masaa 4, na vinywaji vyepesi visivyo na maziwa wala nyama za tunda ni masaa 2, na Ulaya siku hizi wanaruhusu hata saa 1 kwa watoto. Maji, chai ya rangi yenye sukari, hivyo ni vyepesi. Juisi ya embe sio, ya parachichi ndio kabisa usimpe.

Kwa hiyo uliza hivi asubuhi: mtoto wangu ni wa ngapi kwenye listi, na anaweza kunywa chai ya rangi mpaka saa ngapi? Listi ikisogea uliza tena. Usiamue mwenyewe, ila kuuliza ni haki yako, na mtoto mwenye njaa na kiu hawezi kulala wala kutulia.

Nimwambie ukweli au nimwambie tunaenda kununua aiskrimu?

Mwambie ukweli, kwa maneno ya umri wake. Wa miaka 3 mwambie siku moja kabla, inatosha, ukimwambia wiki nzima kabla utamkosesha usingizi bure. Wa miaka 7 mpe siku kadhaa ili aulize maswali yake. Mwambie atawekewa kitu kama kikombe kwenye pua na mdomo, kina harufu, avute pumzi, atalala, akiamka koo litauma kidogo na mama atakuwepo. Cheza naye nyumbani, mwekee bakuli dogo la plastiki la uwazi puani apulize, kisha na yeye akuwekee wewe. Na tafadhali maneno ya "usipolala sasa hivi daktari atakuchoma sindano" yasitamkwe kabisa wiki hiyo.

Mwanangu ana miaka 3, katolewa tonsili. Alivyozinduka alianza kupiga mateke, anajikunja mgongo, anavuta dripu, anaita mama wakati mimi mama yake nimemshika. Bibi yake anasema kuna kitu kimemwingia.

Pole sana mama, hiyo inatisha na hakuna mzazi anayeisahau. Hakuna kilichomwingia. Hii kitu inajulikana na madaktari miaka mingi, ni kuweweseka kwa kuzinduka. Umeshawahi kumwamsha mtoto usiku akakojoe, akakaa macho wazi anaongea mambo hayaeleweki na asubuhi hakumbuki? Ni jamii hiyo hiyo ila kali zaidi: sehemu ya ubongo imeshaamka na sehemu bado.

Ukimwangalia utaona macho yako wazi lakini yanakupita, hayatulii usoni kwako. Ukimpa kikombe chake anakirusha, ukimbembeleza habembelezeki, kile kitu ambacho siku zote kinamnyamazisha leo hakifanyi kazi. Hospitalini wanapima kwa vitu hivyo hivyo, kipimo kinaitwa PAED, kilitolewa mwaka 2004 na Sikich na Lerman, kinaangalia mambo 5: anakutazama machoni, anafanya vitu vyenye maana, anajua yuko wapi, anahangaika kiasi gani, anabembelezeka au la.

Kwa kawaida inaanza ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya kuzinduka, inachukua dakika 5 mpaka 15, wengine inavuta mpaka nusu saa au zaidi kidogo, halafu inaisha yenyewe. Mara nyingi mtoto analala tena kidogo, akiamka mara ya pili anakuita kwa sauti yake ya kawaida anataka maji. Na wengi wao hawakumbuki chochote. Wewe ndio utakumbuka.

Mbona wa jirani aliamka kimya?

Wanatofautiana. Wa miaka 2 mpaka 5 ndio wanaongoza. Upasuaji wa koo, pua, masikio na macho unaongoza. Dawa ya kuvuta inayoitwa sevofluraini inaleta zaidi kuliko halotheni ya zamani au propofoli ya mshipani, na bado inapendwa kwa sababu nzuri tu, haikerei sana puani, inamlaza mtoto haraka na kumwamsha haraka. Ketamini, dawa nyingine ya nusu kaputi ambayo hospitali zetu nyingi zinaitegemea, nayo ina njozi zake za kuzinduka, ingawa watoto wanaipata hiyo kidogo kuliko watu wazima. Halafu kuna hofu aliyoingia nayo, na maumivu, na ule usingizi mbovu. Mtu wa usingizi akijua mtoto wako yumo kwenye kundi hili anaweza kubadilisha dawa au kuongeza kitu mwishoni ili aamke taratibu, kwa hiyo kama mara ya kwanza ilitokea, mara ya pili litaje hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Nifanye nini inapotokea?

Kwanza waache wahudumu wahakikishe sio kitu kingine, maana mtoto mwenye oksijeni ndogo, sukari iliyoshuka, maumivu au mkojo uliojaa naye anahangaika hivyo hivyo, wanatakiwa waangalie hayo kabla ya kusema ni kuweweseka. Wakishaangalia, kazi yako ni asiumie. Mkono wenye dripu ushikwe, vyuma vya kitanda viinuliwe, kidonda kilindwe. Ongea kidogo, sauti ya chini, jina lake na maneno yale yale. Usimtikise, usimwagie maji, usimwulize "hunijui mimi nani?" mara 10, na usimgombeze, hakusikii. Taa ikipunguzwa na ndugu 5 wakitoka nje inasaidia. Ikizidi wana dawa ya kumtuliza.

Anakoroma sana usiku, inahusu?

Inahusu sana. Mtoto anayekoroma kila usiku, anakata pumzi kidogo halafu anashtuka, analala shingo kairudisha nyuma, mdomo wazi, huyo halali vizuri hata akilala masaa 12, na mara nyingi tonsili au nyama za puani ndizo zinazomletea. Mrekodi kwa simu dakika 2, uwaonyeshe. Watoto hawa pumzi inasumbua zaidi baada ya upasuaji na dawa kali za maumivu zinawalemea. Dawa yenye kodeini, ambayo ni mojawapo ya hizo kali, usimpe kabisa, Marekani walitoa onyo mwaka 2013 kwa watoto waliotolewa tonsili, mwaka 2017 wakaizuia kwa wote chini ya miaka 12.

Akili yake itaharibika?

Kuweweseka hakuharibu ubongo. Kuhusu nusu kaputi yenyewe, utafiti mkubwa uliotoka 2019 uliwafuatilia watoto wachanga waliopewa mara moja kwa muda usiofika saa 1, walipofika miaka 5 hawakuwa na tofauti na wenzao. Tahadhari ipo zaidi kwa walio chini ya miaka 3 wanaopewa kwa masaa zaidi ya 3 au mara nyingi, na hilo utaongea na daktari wako, ila upasuaji ambao mtoto anauhitaji kuuacha nako kuna madhara yake.

Tumerudi nyumbani, anaota vibaya na amerudia kukojoa kitandani.

Hiyo hutokea, hata kukung'ang'ania usiende chooni bila yeye. Kwa wengi inapungua ndani ya wiki 2. Lala naye karibu, rudisha ratiba ile ile ya kulala, mpe dawa ya maumivu kwa saa zake kama ulivyoandikiwa maana maumivu yanaamsha watoto usiku, na asichekwe kwa kukojoa.

Kinachotakiwa kukurudisha hospitali hapo hapo ni kingine: haamshiki, anapumua kwa shida, midomo inageuka rangi, homa kali, anatapika mfululizo, au ameanza kuchanganyikiwa upya wakati alishakuwa sawa. Na wa tonsili, hata akiwa amelala, ukiona anameza meza mate kila mara, mwangalie mdomoni kwa tochi ya simu, anaweza kuwa anameza damu. Ukiona damu mbichi usisubiri kukuche.