Hamburg si mji wa kupita: yasemwayo na yaliyopo

Mtu akipanga kutembea Ujerumani, mara nyingi orodha huanza na Berlin na kuishia Munich. Hamburg huwekwa kama mahali pa kulala usiku mmoja, kusubiri treni ya asubuhi. Ukiuliza kwa nini, utapewa sababu ambazo nyingi si za kweli. Hizi hapa ndizo zinazorudiwa mno.

"Hamburg iko baharini"

Iko mtoni. Kutoka gati za Landungsbrücken hadi mto Elbe unapomwaga maji yake Bahari ya Kaskazini ni kilomita mia moja hivi. Upo ufukwe wa mchanga kule Övelgönne ambako watu huota jua, lakini kuogelea hapo ni kujitafutia balaa kwa sababu ya mkondo na mawimbi ya meli kubwa zinazopita karibu.

Kitakachomshangaza mtu wa Pwani ni kwamba, pamoja na umbali wote huo, maji ya Hamburg hupwa na kujaa, na tofauti yake huzidi mita tatu. Ratiba ya siku yako inategemea hilo. Boti ndogo za watalii huingia kwenye mifereji ya Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu, maji yakiwa yamejaa kiasi tu. Yakipwa, mfereji hubaki matope. Yakijaa kupita kiasi, boti haipiti chini ya daraja. Mgeni hukata tiketi, kisha akazungushwa bandarini bila kuyaona maghala aliyoyafuata. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kulipa: leo mnaingia Speicherstadt au hamuingii?

Maji hayohayo yana historia mbaya. Usiku wa kuamkia Februari 17, 1962, dhoruba ilisukuma maji ya bahari kupanda mto, kingo zikapasuka na watu 315 wakafa mjini. Ile njia pana ya miguu kando ya bandari, wanakopiga picha wageni wote, ni ukuta wa kuzuia mafuriko.

"Vita vilimaliza kila kitu, hakuna cha kale"

Wapo pia wa upande wa pili, wanaopiga picha kila jengo la matofali wakidhani lina miaka 500. Wote wamekosea, ila wa kwanza ndio wanaopoteza zaidi, kwa sababu hawaendi kabisa.

Mji huu umeteketea mara mbili. Moto wa Mei 1842 ulianzia mtaa wa Deichstrasse, ukawaka kwa siku kadhaa na kula sehemu kubwa ya mji wa wakati huo. Wakuu walifikia kulipua ukumbi wao wa mji kwa baruti ili kuukatia moto njia, na bado haukukatika. Rathaus, yaani ukumbi wa mji unaouona leo, yenye mnara wa mita 112, ilikamilika mwaka 1897 na imekaa juu ya nguzo za mbao zipatazo 4,000 zilizopigiliwa matopeni. Cha ajabu, ukitafuta nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 17 na 18, utazipata Deichstrasse hukohuko moto ulikoanzia. Ni mtaa mfupi. Pita katikati ya nyumba utokee upande wa nyuma, kwenye mfereji wa Nikolaifleet, uone jinsi mizigo ilivyopandishwa kutoka mashuani moja kwa moja hadi darini.

Mara ya pili ilikuwa Julai 1943, wakati wa mabomu ya Waingereza na Wamarekani. Usiku wa kuamkia Julai 28 mioto iliungana ikawa dhoruba moja iliyovuta hewa ya mitaa mizima ya wafanyakazi upande wa mashariki. Katika mashambulizi ya siku zile walikufa zaidi ya watu 30,000. Kanisa la St. Nikolai, ambalo mnara wake wa mita 147 uliwahi kuwa jengo refu kuliko yote duniani kati ya 1874 na 1876, liliachwa gofu kwa makusudi. Lifti ya kioo hukupandisha hadi mita 76, na chini yake kuna makumbusho ambayo hayasimulii machozi ya Hamburg peke yake. Mabomu ya Wajerumani kule Warsaw na Coventry yamo pia. Kama una nafasi ya kuingia mahali pamoja tu kwa kulipia, mimi ningekupeleka hapo, si kwenye mnara mwingine wowote.

Kanisa la St. Michaelis, ambalo wenyeji huliita Michel, ndilo wengi hudhani ni la kale kwelikweli. Hili unaloliona ni la tatu. La kwanza lilichomwa na radi mwaka 1750. La pili liliungua mwaka 1906 mafundi wakiwa kazini juu.

Nayo Speicherstadt ilifunguliwa mwaka 1888, na ili ijengwe wakazi wanaokaribia 20,000 walihamishwa na nyumba zao kubomolewa. Brosha huisifu sana kwa kuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015. Habari ya waliohamishwa huandikwa kwa herufi ndogo, kama imeandikwa.

"Bibi Salme aliishi Hamburg hadi kufa"

Hili ni letu, na huwa nalisikia hata kwa watu wa Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 na kufunga ndoa Aden mwaka uliofuata na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Hamburg alikaa miaka michache tu. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo, na mwaka 1872 akahama. Baada ya hapo alikaa miji mingine ya Ujerumani, kisha Jaffa na Beirut, na alifia Jena mwaka 1924.

Hata hivyo majivu yake yalirudishwa Hamburg na kuzikwa kwenye kaburi la ukoo wa Ruete huko Ohlsdorf. Inaelezwa kwamba alizikwa pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote. Usidhani utafika na kuliona kaburi palepale langoni. Makaburi ya Ohlsdorf yana ukubwa wa karibu hekta 390, na mabasi ya abiria hupita ndani yake. Ulizia kwanza ofisi iliyo karibu na lango kuu, ukitaja jina Ruete, halafu tenga nusu siku.

Huko Uhlenhorst, kando ya ziwa Alster, kiwanja kimoja kilipewa jina lake mwaka 2019, kisha jina likaondolewa kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu watu weusi na utumwa. Kwa hiyo usikitafute kwenye ramani.

Wala yeye si uzi pekee unaounganisha Hamburg na Pwani yetu. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na tawi Unguja tangu 1849, ikichukua kauri za Pwani yetu na kwenda kuziuza Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mtaa wa Grosse Reichenstrasse, hatua chache kutoka Rathaus, kuna Afrikahaus ya mwaka 1899, iliyokuwa ofisi ya kampuni ya meli ya Woermann; mlangoni amesimama mpiganaji wa Kiafrika wa shaba, na ndani uani wapo tembo wawili. Ni jengo la ofisi za kawaida, unatazama ukapita. Na tangu 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada.

"Treni hazina geti, kwa hiyo panda tu"

Geti hakuna, kweli. Wakaguzi wapo, nao mara nyingi wamevaa kiraia kama abiria wengine. Ukikutwa bila tiketi ni euro 60, na kujieleza kuwa wewe mgeni hakusaidii kitu.

Upande mwingine, watu hulipia visivyo vya lazima. Tiketi ya siku ya HVV, ile ya basi na treni, inakuruhusu pia kupanda kivuko namba 62 kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder, na njiani unaona gati, meli na majumba ya kando ya mto kama aliyelipia safari ya kitalii. Njia ya zamani ya chini ya Elbe, iliyofunguliwa mwaka 1911, mwenda kwa miguu hupita bure: unashuka kwa lifti mita 24, unatembea chini ya mto, unaibukia ng'ambo na kuutazama mji kutoka huko.

Jambo moja la kukumbuka siku ya kuondoka: treni ya S1 hukatwa vipande viwili kituo cha Ohlsdorf. Mabehewa ya mbele huenda uwanja wa ndege, ya nyuma huenda Poppenbüttel. Mwenye masanduku akikaa nyuma, ndege yake imo mashakani.

"Viza ya Ujerumani ni ya Ujerumani tu"

Viza ya kawaida ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, inakufikisha nchi zote za eneo hilo, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Unaiomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwisho wa kuomba ni siku 15 kabla ya safari. Usizifanye ndio mpango.

"Mvua haiishi"

Kwa mwaka mzima Hamburg hupata mvua kidogo kuliko Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba kule haimwagiki ikaisha. Ni manyunyu, leo na kesho na keshokutwa, pamoja na upepo unaogeuza mwavuli nje ndani. Beba koti lenye kofia. La kuogopa zaidi ni giza: Desemba jua huzama saa kumi jioni. Juni huzama karibu saa nne usiku, raha kwa mtembezi, ila anayesubiri swala ya Isha atasubiri hasa.

"Jumapili mji umelala"

Maduka hufungwa, hilo ni kweli, kwa hiyo mahitaji yako yanunue Jumamosi. Lakini Jumapili ndiyo siku ya soko la samaki, Fischmarkt, lililoanza mwaka 1703. Kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiingia saa moja asubuhi, na saa tatu na nusu biashara imekwisha. Wauzaji wa matunda hupayuka juu ya magari yao, wakirundika ndizi na mananasi kwenye kikapu kimoja hadi mtu akubali bei. Ukifika saa nne utakuta wafagiaji.