Je, wajua kwa nini Ken Riley alinasa pasi 65 bila kuitwa kwenye mechi ya nyota hata mara moja?

Katika futiboli ya Kimarekani, konabeki ni mlinzi wa pembeni anayemganda mpokeaji pasi wa timu pinzani. Akiwahi kuudaka yeye ule mpira, amenasa pasi, na papo hapo timu yake inakuwa ndiyo inayoshambulia. Ken Riley wa Cincinnati Bengals alifanya hivyo mara 65 kati ya 1969 na 1983. Alipostaafu, ni watu watatu tu katika historia ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, waliokuwa wamemzidi. Lakini Pro Bowl, iliyokuwa mechi ya nyota wa ligi, hakuwahi kuitwa katika misimu yake yote 15.

Sababu moja ni mchezaji mwenzake wa timu hiyohiyo. Lemar Parrish alilinda upande wa pili wa uwanja, na alikuwa na mbwembwe: akidaka mpira wa teke, anakata mbuga nao huku uwanja mzima umesimama. Parrish aliitwa Pro Bowl mara 6 akiwa Bengals. Riley hakuwa na makeke. Alikuwa kwotabeki, yaani mrushaji pasi wa timu, pale Florida A&M, chuo cha Wamarekani Weusi, na kocha Paul Brown akambadilishia nafasi mara tu alipowasili. Enzi hizo makwotabeki Weusi walihamishwa hivyo bila kuulizwa sana. Riley akageuza hasara kuwa mtaji: aliyewahi kurusha pasi anajua mrushaji anawaza nini, kwa hiyo alifika mpira unakoangukia kabla ya mpokeaji.

Kisha kuna suala la mji. Cincinnati si New York, na katika miaka ya 1970 Bengals hawakushinda hata mechi moja ya mtoano. Kundi lao lilikuwa na Pittsburgh Steelers, waliotwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara 4 muongo huohuo wakiwa na konabeki wao, Mel Blount. Mashabiki walianza kupiga kura za Pro Bowl mwaka 1995 tu. Kabla ya hapo waliochagua ni makocha na wachezaji, watu ambao ungetegemea wamwone. Mwaka 1976 alinasa pasi 9, bado wakampita. Hapo mimi sioni utetezi.

Cha ajabu zaidi ni msimu wake wa mwisho. Mwaka 1983, akiwa na miaka 36, umri ambao makonabeki wengi wameshatundika viatu, alinasa pasi 8 na akatajwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Pro Bowl? Hapana.

Kukosa Pro Bowl kukamponza tena baadaye, kwa sababu wajumbe wanaochagua wa kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli huko Canton, Ohio, huzitazama sana hesabu hizo. Miaka ikapita, jina lake likaangukia kwenye fungu la wakongwe, ambako majina ni mengi na nafasi ni chache. Riley alifariki Juni 2020. Aliingizwa Agosti 2023.

Na Parrish? Siku hiyo ya Agosti, yeye mwenye Pro Bowl 8 kwa jumla, alikuwa bado hajachaguliwa.