Popo si kipofu, wala hatafuti nywele zako

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Malindi: popo ni kipofu, akipita chini atanasa kwenye nywele, kwa hiyo anayetundika uani kisanduku cha popo, kile cha mbao cha kuwalaza mchana, anawatafutia wanawe balaa. Tafadhali, ukikufikia usiusambaze.

Popo anaona. Wale wakubwa wala matunda wana macho makubwa. Simama chini ya mkungu baada ya magharibi, uelekeze tochi juu kidogo tu, utayaona yaking'aa huku kokwa za kungu zikidondoka miguuni pako. Wale wadogo wala wadudu wanaona pia, ila gizani hutegemea zaidi mwangwi wa sauti yao, nyembamba mno kwa masikio yetu. Kwa mwangwi huo humpata mbu angani, na kamba ya kuanikia nguo huikwepa. Kichwa cha mtu kitamshindaje?

Hofu ina chanzo chake. Ukikaa barazani jioni, mbu hukuzunguka kichwani na popo huwafuata papo hapo. Anakupitia karibu kweli, tena ghafla.

Kisanduku ni cha hawa wadogo: mbao za ndani ziwe na mikwaruzo ya kushikia kucha, nafasi kati yake kama sentimita 2, chini wazi, kitundikwe juu mita 4 hivi, mbali na tangi la maji. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, maana aking'ata anaweza kuambukiza maradhi. Hilo ndilo la kuwaambia watoto.