Wati 12,000 za sabufa zinatoka wapi?

Ukipita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya muziki, utaona boksi za sabufa zilizoandikwa namba kubwa kuliko hata jina la kampuni. 8,000. 12,000. Mbele ya namba kuna W, halafu kwa herufi ndogondogo, PMPO. Muuzaji naye hakupi nafasi ya kufikiri: "Kaka, hii ukifungulia nusu tu, mtaa wa pili wanacheza."

Mimi ni fundi sauti. Kazi yangu ni miksi na masta: nyimbo zikisharekodiwa, naletewa nizipange na kuzikamilisha kabla hazijatoka. Kwa hiyo ndugu, majirani na wateja hawaishi kuniuliza. Ninunue sabufa gani? Hedifoni gani? MP3 ya 320 ni bora kuliko ya 128? Simu gani inafaa kwa gemu? Leo nawajibu wote kwa pamoja, na jibu lenyewe huwa linawaudhi: namba mnayoonyeshwa dukani, mara nyingi, ndiyo isiyohusiana kabisa na mnachosikia.

Chukua hizo wati. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na fyuzi ya plagi ya pini tatu haizidi ampea 13. Zidisha, unapata wati 2,990. Hicho ndicho kiasi cha juu ambacho soketi moja inakupa bila kuunguza fyuzi, na wanaokikaribia ni pasi na birika la umeme. Sasa 12,000 zimeingilia wapi? Geuza hiyo sabufa, soma kibandiko kilicho nyuma, karibu na waya wa umeme unapoingilia. Pale wanaandika inatumia umeme kiasi gani, na utakuta wati 60, au 80, au 100 ikiwa kubwa kubwa. Amplifaya haiwezi kutoa mfululizo kuliko inachovuta. Kapasita zake zinaweza kuweka umeme kidogo na kuutema kwa mkupuo, kufumba na kufumbua, ngoma ya kiki inapogonga. PMPO imejengwa juu ya mkupuo huo, ikazidishwa kwa idadi ya spika, ikaongezewa na matumaini ya idara ya mauzo. Hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuipima, kila kiwanda kinapima kinavyojisikia. Ulizia RMS, yaani wati ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo. Kama haipo kwenye boksi, kibandiko cha nyuma kinatosha kukupa picha.

Na hiyo RMS yenyewe isikupe presha. Sikio halihesabu wati kama kalkuleta. Nguvu ikiongezeka mara mbili unapata desibeli 3, tofauti unayoisikia ukitulia lakini haikushtui. Ili mtu aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nguvu ya mara 10 hivi. Ndiyo maana sabufa ya wati 60 za kweli na ya wati 80 za kweli hazitofautiani kwa ukubwa wa sauti. Zinatofautiana kwa spika zilizofungwa ndani, na kwa boksi lenyewe la sabufa, sio la dukani. Boksi ligonge kwa kidole ubavuni: la mbao nzito linajibu kwa mkato, jepesi linaendelea kulia, na kulia huko ndiko utakakosikia kila besi inapopita. Ukishafika nalo nyumbani, usilibane kwenye kona. Kona inaongeza besi kweli, ila inaongeza ile nzito isiyo na noti, inayofunika sauti ya mwimbaji. Livute kidogo tu mbele. Ni bure.

Tuje kwenye mafaili, maana hapa ndipo ubishi ulipo.

Sauti ya CD inapigwa sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli biti 16, kushoto na kulia. Jumla ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, karibu MB 10 kwa dakika. MP3, iliyotoka kwa watafiti wa Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, na kupewa herufi zake .mp3 mwaka 1995, ilikuja na ujanja wa kutupa kile ambacho sikio lisingekisikia. Sauti ndogo ikiwa jirani na sauti kubwa ya masafa yanayokaribiana, ile ndogo inafunikwa, basi kwa nini uihifadhi? Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja inaingia kwenye MB 1 na nafasi inabaki. Waliokuwa wakipeleka memori kadi kibandani kujaziwa nyimbo wanajua hilo lilikuwa na maana gani.

Msimamo wangu: MP3 ya 320 iliyotengenezwa kutoka kwenye masta halisi, mimi mwenyewe nikiwa studio nimetulia, nikijua pa kutega sikio (mikia ya matoazi, makofi, mwangwi unapoisha), ndipo pengine naweza kuitofautisha na WAV, faili lisilobanwa. Kwenye daladala ya Gongo la Mboto siwezi, na sikuamini ukisema wewe unaweza. Kinachoua sauti ni faili kubanwa, likafunguliwa, likabanwa tena, na tena.

Kijana analeta biti, yaani mdundo wa kuimbia, kwenye flashi. "Bro, hii ni 320 kabisa." Nikiuliza ameitoa wapi, ameishusha YouTube kwa tovuti ya kugeuza. Sauti inayokuja na video ya YouTube yenyewe huwa imeshabanwa tayari, kwa AAC ya kilobiti 128 hivi, au Opus ya kama 160, ambazo ni njia nyingine za kubana kama MP3. Tovuti inaichukua hiyo, inaifungua, halafu inaibana upya kwa jina la MP3 320. Faili limenenepa na sauti imepungua, kwa sababu kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi, na mara ya pili kimetupwa kingine.

Usiniamini mimi, fungua faili lako kwenye Audacity, programu ya bure, halafu badilisha mwonekano wa wimbo uwe spektrogramu. Muda unaenda kushoto kulia, masafa yanapanda chini kwenda juu, na penye sauti pana rangi. Wimbo uliotoka studio moja kwa moja, toazi likipigwa, rangi inaruka juu mpaka kilohezi 20 kisha inafifia taratibu, na ukingo wake una mawimbi. Ile "320" ya kugeuzwa mara nyingi inakatika pale kilohezi 16, mstari umenyooka kama uliopigwa rula, na juu yake giza tupu kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Niseme ukweli, watu wengi waliovuka miaka 40 hawasikii kitu huko juu ya 16, kwa hiyo mstari wenyewe sio ugonjwa. Ni alama ya kidole tu, inaonyesha faili limepita mikononi mwa nani. Ugonjwa uko chini yake: matoazi yanachuruzika, "s" za mwimbaji zinasaga.

Hili linawahusu pia waimbaji wanaonitumia vokali kama voisi noti ya WhatsApp. Voisi noti imeundwa kwa maongezi, masafa ya juu yameshakatwa kabla hujainua kidole kwenye kitufe. Hakuna programu wala dua itakayoyarudisha. Rekodi kwa programu ya kurekodia, ukitoa WAV, kisha itume kama dokumenti. Tafadhalini.

Kuhusu hizi sauti za "Hi-Res", biti 24 na kilohezi 192, sitakaa sana. Sampuli 44,100 zinabeba masafa hadi hertzi 22,050, na sikio la kijana mzima linaishia 20,000. Biti 24 zinanisaidia mimi wakati wa kurekodi, kwa sababu zinaniruhusu kuacha nafasi ya kutosha mwimbaji asije akapasua sauti ghafla. Wewe msikilizaji umeshapata faida hiyo kwenye biti 16. Apple walipoweka muziki usiopunguzwa kwenye huduma yao mwaka 2021 walikiri wenyewe kwamba AirPods kwa Bluetooth hazitaupiga hivyo, kwa kuwa Bluetooth yao inabana upya kwa AAC. Hapo ujiulize bando lako linaenda wapi. Saa moja ya kilobiti 96 inakula kama MB 43. Ya 320 inakula 144. Isiyopunguzwa, ya kiwango cha CD, inaweza kufika MB 350 hivi. Kwa anayenunua bando la siku, mimi ningesema weka kiwango cha kati ukiwa barabarani, na nyimbo unazozipenda zishushe ukipata Wi-Fi.

Kuna kitu kinachoharibu muziki kuliko yote hayo na hakijaandikwa kwenye boksi lolote: masta iliyobanwa kupita kiasi (hapa sio faili linalobanwa, ni sauti ndogo na kubwa kusukumwa zilingane) ili wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani. Mfano ninaoupenda umetoka kwenye gemu. Mwaka 2008 Metallica, bendi ya roki, walitoa albamu ya Death Magnetic, na nyimbo zake zikapatikana pia kwenye gemu la Guitar Hero III. Mashabiki wakalinganisha, wakagundua za kwenye gemu zinapumua na za kwenye CD zimepondwa, ngoma hazina mshtuko, gitaa limekwaruza. Gemu lilikuwa limepewa sauti kabla hazijabanwa. Maelfu wakasaini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya, na aliyefanya masta, Ted Jensen, akasema miksi zilimfikia zikiwa tayari zimegandamizwa. Watu walilipia CD, kumbe sauti nzuri ilikuwa kwenye gemu la watoto.

Cha kuchekesha ni kwamba vita hivyo vya kushindania ukubwa wa sauti vimeshaisha na bado tunapigana. Spotify, ambao walifika Tanzania na Kenya Februari 2021, kwa kawaida wanasawazisha nyimbo zote kwenye LUFS -14 (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti ya wimbo), na YouTube nao wanashusha zinazozidi karibu hapohapo. Ukiniletea wimbo ukataka niusukume mpaka -7, wao wataushusha desibeli 7, na mpondeko utabaki. Nikimweleza msanii, ananielewa. Kesho yake meneja anapiga simu: "Kaka, ongeza sauti."

Meneja ana sababu yake. Watafiti Fletcher na Munson walishapima mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi zaidi kuliko kitu kingine, ikipandishwa besi inarudi na mtu anaona muziki umenoga. Wauzaji wanaijua hiyo bila kusoma. Spika wanayotaka uinunue wataifungulia kidogo zaidi ya ile nyingine. Omba zote mbili zilingane, tena kwa sauti ya chini, na uchague wimbo wenye maneno mengi unaoufahamu. Spika inayokuwezesha kushika kila neno sauti ikiwa chini ndiyo ya kupeleka nyumbani.

Sasa wana gemu. Malalamiko yenu ni kwamba mnapigwa risasi kabla hamjasikia hatua za adui, na mnalaumu intaneti. Mara nyingine ni intaneti kweli. Lakini hedifoni ya Bluetooth inayotumia SBC, kodeki (njia ya kubana na kufungua sauti) ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth lazima kiwe nayo, huchelewesha sauti kati ya milisekunde 150 na 250. Sauti hewani inaenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 200 ni sawa na kukaa mita 68 kutoka kwenye spika, upana mzima wa uwanja wa mpira. Kwenye filamu huoni shida, kwa sababu programu inajua kuna ucheleweshaji na inachelewesha picha nayo, midomo inalingana. Gemu haliwezi kufanya hivyo, maana picha inasubiri kidole chako.

Halafu ukiwasha maiki uongee na timu, hedifoni hiyohiyo inahamia kwenye mfumo wa simu: sauti inakuwa ya upande mmoja, finyu, kama ya kupokea simu. Watu wanarudisha hedifoni dukani kwa hilo wakidhani ni mbovu. Kwenye mipangilio ya gemu au simu, ikiruhusu, chagua maiki ya simu yenyewe, au vaa za waya. Kwenye PS5 wala usihangaike, haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja. Chomeka waya kwenye pedi, pana tundu la milimita 3.5 pale chini.

Tatizo la waya siku hizi ni simu zisizo na tundu. Adapta za USB-C zinazouzwa mezani barabarani ni za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ina kichipu kidogo ndani, DAC, kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya hedifoni, na hiyo inafanya kazi karibu kwenye kila simu. Nyingine ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti ikiwa tayari imeshageuzwa, na simu nyingi haziwezi. Ndiyo maana ya rafiki yako inalia na yako iko kimya. Muulize muuzaji kama ina DAC. Akikukodolea macho tu, ichomeke kwenye simu yako hapohapo mezani, vaa hedifoni, cheza wimbo, jaribu na maiki, ndipo utoe hela.