Huva ya nyumba yenye paka: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Kila Jumamosi baada ya chai nailaza huva yangu, yaani mashine ya kufyonza vumbi, chali juu ya gazeti, nachukua mkasi mdogo wa kushonea na kuanza kukata. Manyoya ya paka wangu wawili huwa yamejisokota kwenye rola ya brashi pamoja na nyuzi za zulia na nywele ndefu za binti yangu, yamekaza kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Napitisha ncha ya mkasi kwenye mfereji wa rola, nakata toka mwisho huu hadi ule, na yote yanavulika kama soksi kuukuu. Chini yake brashi inaonekana tena. Halafu naangalia ncha mbili za rola, pale kwenye beringi, maana huko ndiko manyoya hujificha na kuila mashine polepole.

Kazi yangu ni kusafisha nyumba za watu hapa Uingereza, sasa miaka 12. Nyingi zina mbwa au paka, na karibu zote zina zulia la ukuta hadi ukuta, hata ngazini. Kwetu Mombasa paka alilala barazani, sakafu ilikuwa saruji, na fagio na tambara bichi vilimaliza kila kitu. Hapa unyoya ukidondoka unazama zuliani na kushikana na nyuzi, na hapo fagio halina la kufanya. Ndiyo maana huva ya kusimama, ile yenye mota na brashi kwenye mpini mmoja, inaifaa nyumba kama hizi: rola yake inazungushwa na mota, inalipiga zulia na kuyachambua manyoya kabla hewa haijayavuta. Ya kukokota, yenye kichwa kitupu kisicho na rola, hupita juu tu. (Huva ndivyo tunavyoita hapa mashine yoyote ya namna hii, iwe ya kampuni gani.)

Basi watu hunipigia simu wanapotaka kununua, na karibu kila mara wanakuwa wameshaambiwa jambo lisilo kweli.

"Wati nyingi ndiyo nguvu"

Hili ndilo la kwanza, na ndilo linalowatoa watu pesa nyingi. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni umeme ambao mashine inakula. Hazikwambii inavuta kiasi gani. Mota mbovu yenye bomba linalovuja inaweza kula wati nyingi ikatoa kelele na joto, na manyoya yakabaki pale pale.

Umoja wa Ulaya uliliona hilo. Septemba 2014, Uingereza ikiwa bado mwanachama, uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine mpya za nyumbani zinazoingizwa sokoni, na Septemba 2017 kikashushwa hadi 900. Nakumbuka wateja waliolalamika kwamba sasa huva zitakuwa za kuchezea watoto. Watengenezaji wakarekebisha njia ya hewa, vichwa na mota, na leo nasukuma mashine ya wati chini ya 900 inayotoa zuliani vitu ambavyo ile ya zamani ya 1,800 iliviacha.

Kwenye nyumba yenye mnyama, mambo matatu ndiyo yanayofanya kazi: rola yenye nywele ngumu za brashi zinazofika chini ya zulia, hewa nyingi inayopita bila kuvujia njiani, na kichwa kinachopanda na kushuka kulingana na unene wa zulia. Hili la tatu watu hulipuuza. Ukisukuma ukahisi kama unasukuma gari lililokwama, kichwa kimeshuka mno. Rola inakwama, mkanda wake unapata moto na kukatika, na unasikia harufu ya mpira ulioungua. Kikipanda mno, brashi inapiga hewa. Panga mpaka uone mashine inajivuta mbele kidogo yenyewe na nyuzi za zulia zinatikisika.

Na ukiwa dukani, omba uigeuze. Usione haya. Tazama kama rola inatoka kwa kufungua kitufe au kwa sarafu, au kama imefungwa kwa skrubu sita. Ya skrubu sita hutaifungua kila wiki, na isiyofunguliwa kwenye nyumba ya paka itakufa mapema. Uliza pia mkanda wa akiba unauzwa wapi na ni shilingi ngapi. Mimi huva nisiyoweza kuifungua kwa mkono siinunui, hata iwe nusu bei.

"Imeandikwa ya wanyama, basi hiyo ndiyo"

Mwaka jana mdogo wangu mmoja, tumetoka mtaa mmoja kule nyumbani, alinipigia akiwa dukani. "Dada, hii imeandikwa ya wanyama. Imeizidi mwenzake paundi 60."

"Mwenzake ina rola ileile?"

"Naona ni ileile. Na mota pia. Ila hii ina kibrashi kidogo cha kuzunguka, na rangi yake ya zambarau."

"Basi paundi 60 ni bei ya kibrashi, mdogo wangu."

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Kibrashi chenyewe si kibaya, kinasaidia ngazini. Kwa makochi, vaa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ilowanishe kidogo, uvute upande mmoja tu. Manyoya yanajikusanya kama kamba na unayaokota kwa vidole.

"Manyoya ndiyo yanayoleta mzio"

Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu binti yangu ana pumu na nimelijifunza hili kwa kukesha naye usiku.

Kinachowasumbua watu wenye mzio wa paka hasa ni protini iitwayo Fel d 1. Inatengenezwa kwenye tezi za mafuta za ngozi ya paka na kwenye mate yake. Paka anapojilamba, mate yanakauka juu ya manyoya, yanapukutika pamoja na mba wa ngozi, na vipande vyake ni vidogo kiasi cha kuelea hewani kwa saa nyingi. Vinashika mapazia, nguo, godoro. Hata paka akihama, vinabaki nyumbani kwa miezi. Mbwa naye anayo yake, na hao wanaouzwa kama mbwa wasioleta mzio wanayo vilevile. Kwa hiyo zulia linaweza kuonekana halina hata unyoya mmoja na mtoto bado akakohoa.

Ndipo linapokuja suala la chujio. HEPA ya kweli, yaani chujio la kunasa vumbi jembamba sana, kwa kipimo cha Marekani inazuia angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huku Ulaya daraja la H13 ni asilimia 99.95, kipimo kikifanywa kwenye chembe zilizo ngumu zaidi kunaswa. Boksi likiandika "aina ya HEPA" au "kama HEPA", hilo ni neno la biashara tu. Tafuta herufi na namba, kama hiyo H13.

Lakini chujio zuri ndani ya mashine inayovuja ni sawa na mlango wa chuma kwenye nyumba ya makuti. Hewa hupita palipo rahisi. Mpira wa kuzibia ukiwa umechakaa, au kopo la kukusanyia vumbi halikai sawasawa, vumbi linatoka pembeni kabla ya kufika kwenye chujio, na mashine inakuwa inakurushia usoni yaliyokuwa yametulia zuliani. Tafuta iliyozibwa mwili mzima. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: usiku, zima taa, washa huva, mulika kwa tochi kwenye maungio yake na kwenye tundu la kutolea hewa. Vumbi linalovuja linaonekana likicheza kwenye mwanga. Nilipofanya hivyo kwa huva yangu ya kwanza niliitoa nje usiku uleule.

Inanigusa kwamba huva ya umeme ya kusimama ilibuniwa na mtu aliyekuwa na shida hiihii. James Murray Spangler alikuwa mfagiaji kwenye duka kubwa huko Canton, Ohio, na alikuwa na pumu. Vumbi la zulia alilofagia lilimwumiza kifua. Akaunganisha mota ya feni, brashi ya kuzunguka, mpini wa ufagio na foronya ya mto iwe mfuko. Hataza yake ilitoka mwaka 1908, na akamwuzia William Hoover, ambaye jina lake ndilo tunalolitamka mpaka leo. Foronya haikuzuia vumbi jembamba, lakini alijua analotafuta.

"Isiyo na mfuko ni safi zaidi, tena nafuu"

Nafuu, labda. Hununui mifuko. Ila unafuta au kufua machujio, na yakichakaa unanunua mengine. Kuhusu usafi, simama karibu na mtu anayemwaga kopo la huva kwenye pipa. Manyoya yanashuka kwa bonge, na nyuma yake linapanda wingu. Wingu hilo ndilo lenye ile protini. Nyumba yenye mtu wa pumu, mimi nasema mfuko, tena wa kitambaa kisichofumwa wenye kifuniko cha kujifunga, maana ule wa karatasi huziba haraka na kuchanika. Manyoya ni mepesi lakini yanajaza, kwa hiyo usingoje ufurike. Ukifika robo tatu, badilisha. Kama tayari unayo ya kopo, limwagie nje, uvae barakoa.

Chujio la kufulika nalo lifuliwe kwa maji matupu, likauke saa 24 kamili kabla ya kurudishwa. Bichi linaota ukungu, na huva inanuka mbwa kila ukiiwasha. Na si kila HEPA inafuliwa. Soma kitabu chake kwanza.

"Nina vigae na mbao, rola itasaidia zaidi"

Kinyume chake. Sakafu ngumu rola inatawanya. Mchanga wa choo cha paka unaruka kama changarawe chini ya tairi, na mbao zinachubuka. Hakikisha kuna swichi ya kuzima rola peke yake. Wenye zulia la sufu la vitanzi nao waizime, kwa sababu brashi inavuta uzi na zulia linafumuka. Na kama nyumba nzima ni vigae, kama zilivyo nyingi kwetu, huva ya kusimama si yako. Ya kukokota nyepesi, au mopa na tambara, zitakufanyia vizuri zaidi.

"Ukifyonza viroboto, wanazaliana ndani ya mashine"

Nimewakuta wateja wanaoogopa kuwasha huva kwa sababu hii, na wengine wanaotia naftalini ndani ya mfuko. Naftalini ni sumu, na huva inaipuliza nyumba nzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walilipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2007: asilimia 96 ya viroboto wazima waliofyonzwa walikufa, na wachanga wote walikufa. Kuburutwa kwenye brashi na upepo huo kunawatosha. Zaidi ya hapo, mtikisiko wa huva huwaamsha walio ndani ya vifukofuko zuliani, wanatoka, na unawapata ukirudi kesho. Kwa hiyo pitisha kila siku kipindi hicho, hasa chini ya makochi na anapolala mnyama.

Huva peke yake haimalizi; mnyama naye lazima atibiwe. Hapa tahadhari moja: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin, sumu ya wadudu, usimpake paka kamwe. Inaua. Muulize daktari wa mifugo.

"Nyunyiza soda ya mandazi, harufu itakwisha"

Soda hiyo ni unga laini sana. Unaziba chujio na mwingine unafika kwenye mota. Kidogo kwa mara moja hakitaiua mashine, lakini watu humwaga pakiti nzima kila wiki. Na mkojo mbichi au matapishi visiguswe na huva ya vumbi kabisa, kwa kuwa ni umeme na maji. Nyonya kwa taulo, osha, acha pakauke, ndipo upitishe.

"Nitainunua Marekani, niipeleke nyumbani kwenye kontena"

Hili naulizwa na jamaa walio Minnesota na Texas. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Kenya 240, wa Tanzania 230. Huva ya Marekani ukiichomeka Mombasa moja kwa moja, mota inaungua kwa dakika chache. Transforma ndogo ya redio haitoshi. Huva nyingi za huko zinakula wati 1,200 au zaidi, na transforma ya kuzibeba ni jiwe la kilo nyingi ambalo utalihamisha chumba hadi chumba. Ya Uingereza inakubali, hata plagi ya pini tatu ni ileile. Pindua mashine, soma kibati cha chini: kiwe kimeandika 220–240V. Na kabla hujafunga boksi, tia ndani mikanda mitatu na mifuko ya mwaka mzima, maana ya kampuni ile ile huenda usiipate sokoni Kongowea, Mombasa.