Bruce Lee hakuuawa kwa risasi

Wengi wetu tuliokulia kwenye vibanda vya video tuliambiwa kwamba Bruce Lee alipigwa risasi akiigiza filamu. Sivyo. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32 tu: alilalamika kuumwa na kichwa, akameza kidonge cha kutuliza maumivu, akajilaza asiamke tena, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umevimba. Aliyepigwa risasi ni mwanawe, Brandon, naye mwigizaji wa filamu za mapigano, ambaye Machi 1993, huko North Carolina, Marekani, alifyatuliwa bastola iliyodhaniwa kuwa na baruti tupu, kumbe kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama mtutuni tangu onyesho la awali.